Macho Waliyoyasifu

Nilitoka eda kwenda hospitali. Naliweka neno hili hapa juu kabisa ili anayetaka kufunga kitabu akifunge mapema, asije akasema nilimvizia. Siku ya themanini na tatu ya eda yangu nilivaa buibui, nikafungua mlango wa mbele, si wa uani, nikatoka mchana kweupe na majirani wakiwa vibarazani. Wapo wazee mtaani kwetu Mabawa mpaka leo wanaonikumbuka kwa hilo tu. Na wanikumbuke. Wakininyooshea kidole, mimi hicho kidole nakiona, na kucha yake naiona.

Nianze na uso. Mimi ni maji ya kunde, na uso wangu tangu ujana ulikuwa wa moto. Nikiinamia jiko la mkaa, nikinywa kahawa ya tangawizi, pilipili ikizidi kwenye mchuzi, mashavu na pua vilikuwa vinachemka. Havikuwa vyekundu kama vya mtu mweupe. Vilikuwa na rangi ya zambarau linaloanza kuiva, na joto lake ungelihisi ukipitisha mkono karibu. Mume wangu alikuwa akicheka.

"Taa imewashwa," anasema. "Leo hatuna haja ya mafuta ya taa."

Baadaye vikaja vipele, puani na mashavuni, wakati mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, siyo mwari. Nikavipaka liwa. Nikavipaka ndimu. Nikavisugua kwa singo kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, na kila nilivyosugua ndivyo vilivyostawi. Kwenda hospitali hakukunijia kichwani. Miaka ile ya hamsini, kwetu sisi, hospitali ilikuwa ya mzazi aliyeshindwa kujifungua na ya mpagazi aliyeangukiwa na robota la katani. Nani angekwenda kukaa kwenye benchi na watu waliovunjika miguu, aseme yeye ana kipele?

Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja la katani. Tulikaa nyumbani kwa mama yake, mimi, yeye na binti yetu mdogo. Na mimi nilikuwa na kazi yangu, msidhani nilikaa kutazama dari. Nilishona kofia za viua. Asiyejua aelewe: ni kitambaa cheupe unachokitoboa kwa sindano, kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kikaze kiwe tundu dogo lenye ukingo, na matundu hayo, mamia kwa mamia, ndiyo yanayopanga maua. Kofia moja inakula miezi. Mama yangu, mtu wa Tongoni, alinifundisha kushona nikiwa sijui hata kusoma. Kusoma kwenyewe nilijifunza ukubwani, ndiyo maana maneno yangu hayana mapambo. Kofia zangu zilivaliwa Idi na watu wenye majina. Mshonaji wa viua hana mashine wala chombo. Ana macho.

Kisha mume wangu akafa. Homa ya siku nne, ya tano tukamzika.

Nikakalishwa eda, miezi minne na siku kumi. Chumba kimoja, nguo nyeupe isiyo na ua, hakuna wanja, hakuna liwa, hakuna udi, hakuna kutoka. Hayo ni ya dini na sina ugomvi nayo. Lakini pale nyumbani kulikuwa na jingine walilolirithi: mjane hajitazami kwenye kioo. Kioo cha kabati langu kiligeuzwa kikatazama ukuta. Aliyekigeuza ni mavyaa, mama wa mume wangu, ambaye ndiye aliyeshika amri ya nyumba na ya eda yangu. Kwa hiyo kwa muda wote ule uso wangu niliuona kwa midomo ya watu.

Na midomo ya watu iliniambia nini? Sikiliza.

Wanawake walikuwa wanakuja kunipa pole kila baada ya alasiri. Wanakaa mkekani, wanashusha pumzi, wananitazama. Jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni, ndiye aliyeanza.

"Yailahi, mtazameni macho! Kama aliyetiwa pilipili!"

"Na uso umevimba, masikini," mwingine akasema.

"Huyu ndiye mjane. Wajane wa siku hizi arobaini haijafika wanauliza habari za hina."

"Alimpenda mumewe."

"Alimpenda mwanangu," mavyaa akamalizia, akashika magoti yake kwa mikono miwili, akafumba macho.

Sasa nitasema kweli ambayo sikuisema siku ile. Nilimlilia mume wangu siku saba, machozi ya kweli, ya kutoka tumboni. Baada ya hapo huzuni ilibaki lakini kilio kilikwisha, ndivyo mtu alivyoumbwa. Macho ndiyo hayakwisha. Yalitoka maji kama paa linalovuja, bila kuniuliza. Chini ya kope kulikuwa na kitu kama mchanga, nikipepesa kinakwaruza. Asubuhi kope zinaamka zimeshikana, nazibandua kwa kitambaa cha maji. Na uso mzima unawaka, vipele vimeingia mpaka kidevuni.

Nilijua kwamba haya si machozi. Nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu nilisifiwa! Mtu hasifiwi kila siku. Wanawake waliokuwa hawanisalimu vizuri sokoni walikuwa wanaleta mabinti zao waje wanione, wajifunze mke anavyomlilia mume. Nikaketi na macho yangu mekundu kama malkia na taji lake. Upumbavu huo ni wangu mwenyewe, simtwishi mtu.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo lilinishika kuliko sifa. Mavyaa alifiwa na mwanawe wa pekee. Jioni, wageni wakishaondoka, alikuja akaketi mbele yangu bila kusema, akanitazama macho. Ananitazama mpaka anatosheka. Kisha anakwenda kula, sahani nzima, mtu aliyekuwa anashinda na kikombe cha chai. Kuona kuna mtu mwingine ulimwenguni anayemlilia mwanawe kulikuwa chakula chake. Mimi ningemwambia nini? Kwamba ni mchanga?

Alinihurumia, mavyaa, kwa namna yake. Alipoona uvimbe umezidi akasema huzuni imekwama kichwani, itolewe kwa nyungu. Chungu cha majani ya mwarobaini na mchaichai kikachemshwa, nikafunikwa blanketi na chungu mapajani, mvuke wote usoni, mara tatu kwa wiki. Nikitoka humo, uso umeumuka kama andazi kwenye mafuta. "Unaona?" anasema. "Inatoka." Kisha nanyweshwa tangawizi ya moto, kali, ya kumchoma mtu koo. Kila alichonifanyia kwa huruma kilikuwa kuni juu ya moto, naye hakujua, na mimi sikujua. Mtaa mzima haukujua.

Katika chumba kile nilikuwa na kofia moja mkononi. Ilikuwa ya mume wangu. Aliichagulia mwenyewe ua lake, akawa ananidai kila akirudi kazini, "Imefika wapi?" Nikasema nitaimaliza hata kama kichwa hakipo. Mwezi wa kwanza nilishona vizuri. Mwezi wa pili mwanga wa dirisha ukaanza kunichoma, nikasogea pembeni, nikasogea tena, mpaka nikawa nashona kwenye kona penye kiza. Wageni wakaona.

"Jamani, anakaa gizani! Hataki hata jua bila mumewe!"

Wallahi waliyasema hayo, na mmoja akafuta machozi.

Mwezi wa tatu sindano ikaanza kunichezea. Natia uzi, uzi unapita pembeni. Natia tena, unapita pembeni. Tundu la sindano likawa mawili, na yote mawili ya uongo. Nikatumia kidole kupapasa, nikashona hivyo hivyo, kwa kupapasa. Nilipopitisha kidole juu ya safu niliyoimaliza nikaisikia inapanda na kushuka kama njia ya mlevi. Mimi! Nikafunga jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto. Mlangoni alisimama mtoto. Nilijua ni mtoto kwa urefu wake. Sikujua kama ni wangu au wa jirani mpaka aliposema, "Mama, nina njaa."

Siku ile niliogopa. Na bado nikanyamaza. Nilijipiga hesabu: zimebaki siku hamsini, nitavumilia, eda ikiisha nitakwenda. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka kila mwanamke anayesoma hapa aitazame vizuri. Jicho halikujua habari ya siku zangu hamsini.

Siku ya themanini na mbili akaja mtalaka wa mume wangu.

Alikuwa na mke kabla yangu, mwanamke wa Moa, waliachana miaka miwili kabla hajanioa. Nilimjua kwa maneno tu, na maneno hayakuwa mazuri, kwa kuwa yalitoka kwa mavyaa. Alikuwa amepata habari ya msiba kwa kuchelewa, akapanda lori la samaki wakavu, akaja kutoa pole. Mwanamke mrefu, mkavu, ananuka ng'onda, amevaa kanga iliyofifia. Akamwamkia mavyaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mavyaa akajibu kwa pua. "Umekumbuka leo."

"Nimesikia juzi. Njia ya Moa haina simu, mama." Akaketi mkekani, mbele yangu. Wanawake walikuwapo wanne watano, pamoja na yule wa nyumba ya tatu, ambaye hakutaka kupitwa na jambo.

"Mtazame mwenzio," jirani huyo akamwambia mgeni. "Wewe umekuja na macho makavu kama ukumbi uliofagiwa. Mtazame mwenzio alivyolia."

Yule mtalaka akanitazama. Akasogea. Akanishika kidevu kama mama anavyomshika mtoto mwenye kamasi, akanigeuza kwenye mwanga, ukanichoma.

"Hiki si kilio," akasema.

Wanawake wakageuka kumtazama.

"Si kilio," akarudia. "Mimi yule bwana nilimlilia miaka mitatu akiwa hai, Mungu amrehemu. Najua macho ya kilio, nilikuwa nayo mwenyewe. Yanavimba, unalala, asubuhi yanapungua. Hayafanyi tongo za manjano. Hayaogopi dirisha." Akainua vidole vyake mbele ya jicho langu la kushoto. "Vingapi?"

Nikapepesa, nikaona ukungu.

"Mwenzangu, vingapi?"

"Sijui," nikasema.

Hiyo ilikuwa kweli ya kwanza kutoka kinywani mwangu kwa muda wa miezi miwili na ushei, na nilimwambia mwanamke niliyefundishwa kumchukia.

"Kesho twende hospitali," akasema.

Hapo ndipo palipolipuka. Wanawake wakasema wote pamoja: eda! mjane! Mtalaka kaja kuharibu eda ya mwenziwe, kwa wivu! Yeye akakaa tu anajikuna mguu. Mavyaa akawatoa wote nje, pamoja na mtalaka, akafunga mlango, tukabaki wawili.

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonikata.

"Kwa hiyo ulikuwa hulii?"

"Nililia siku saba, mama."

"Na haya yote?"

"Ugonjwa."

Akaketi kitandani kwangu. "Ukipita mtaani kesho kwenda hospitali, watu watasema nini? Watasema macho yale yalikuwa maradhi. Watasema mwanangu hakuliliwa. Unataka kuwaambia watu mwanangu hakuliliwa?"

Nikachukua ile kofia, nikaiweka mkononi mwake, nikashika kidole chake nikakipitisha juu ya ile safu iliyopinda.

"Hii ni kofia yake," nikasema. "Unaisikia? Hii ndiyo kazi ya macho hayo unayokuja kuyatazama kila jioni. Mimi nina mtoto wa mwanao wa kulisha, na nina sindano, sina kingine. Nikipofuka, nani atamlilia mwanao, mama? Na kipofu wa kulishwa atakuwa nani humu ndani?"

"Subiri eda iishe."

"Sisubiri."

"Nitakwambia usitoke."

"Niambie. Nitatoka."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Wala kabla wala baadaye sikuwahi. Akatoka na kofia mkononi mwake, hakuirudisha.

Asubuhi, kama saa tatu, nikavaa buibui. Mtalaka alikuwa ananisubiri kibarazani, mchana kweupe, kila mtu akimwona. Nilipofungua mlango wa mbele jua lilinipiga macho kama kofi, nikashika ukuta. Yeye akanishika mkono, akanitupia upande wa kanga yake usoni. Tukatembea. Yule wa nyumba ya tatu alikuwa anachagua mchele.

"Mjane kiguu na njia!" akapaza. "Tena na mtalaka! Wanakwenda kumgawana marehemu!"

"Ungeniachia huo mchele nikuchagulie," mtalaka akamjibu bila kusimama, "maana unaokota mawe unatupa mchele. Nawe twende tukupimishe macho?"

Nilicheka. Eda siku ya themanini na tatu, nimefunikwa kanga inayonuka ng'onda, nilicheka njiani.

Hospitali ya serikali tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Daktari alikuwa Mhindi mzee, na kando yake dresa, mfunga vidonda, kijana wa Kibondei aliyekuwa akimtafsiria. Daktari akaniuliza nimekuwa hivi tangu lini.

"Tangu kabla ya msiba. Macho, tangu msiba."

"Unalia sana?"

"Nililia siku saba. Yaliyobaki ni uongo," nikasema.

Dresa akashindwa, akacheka, kisha akatafsiri. Daktari hakucheka. Alinishika shavu kwa upande wa nyuma wa vidole, shavu moja, la pili, pua, kipaji. Akasema neno, na dresa akaligeuza: kwa rangi yako wekundu hujificha, lakini joto halijifichi. Akanigeuza kope, akanimulika kwa kurunzi, akanitilia dawa ya matone, akamulika tena. Alikaa kwenye jicho la kushoto mpaka nikaanza kuomba dua.

Kulikuwa na kioo kidogo mezani kwake. Nikamwomba. Mtalaka akanipa jicho, kama kusema una hakika? Nikakichukua.

Niliona kwa jicho moja zima na moja la ukungu, lakini niliona. Pua imejaa, ngozi yake nene kama ganda la chungwa. Mashavu yanang'aa, yamevimba, yana vipele vyenye vichwa. Kope zimekula wekundu pembezoni, unyoya mmoja hapa, mmoja pale. Nikasema kimoyomoyo: mtu yeyote aliyenitazama vizuri angejua. Lakini kutazama vizuri walikutaka wachache. Na mimi mwenyewe sikuwa miongoni mwao, maana hata kwa vidole ningejua.

Daktari akasema ni ugonjwa wa ngozi ya uso. Unakuja na kwenda, hauambukizi, hautokani na jini wala uchafu wa damu, na kwa wengine huingia kwenye kope na jicho lenyewe. Akautaja jina, na nilidhani anataja binti wa Kigoa. Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliye muuguzi alinitamkia: rosasea. Daktari akasema jicho la kushoto lina kidonda kidogo juu ya kioo chake.

"Eda yako inaisha lini?" dresa akauliza, hili akiuliza mwenyewe.

Nikamwambia. Akamwambia daktari. Daktari akatikisa kichwa, akasema maneno machache.

"Anasema ungemaliza eda na jicho moja."

Nikapewa dawa ya manjano ya kupaka machoni na nyingine ya uso. Nikaambiwa nioshe kope asubuhi na jioni kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Nyungu marufuku, singo marufuku, ndimu marufuku, tangawizi ya moto niiache, nikae mbali na jiko. Nirudi baada ya siku tatu. Nikamuuliza dresa, na swali hili nalisifu mpaka leo kuliko kofia zote nilizoshona: siku nyingine nitajuaje wakati wa kuja?

Akafikiri. Akaona vidole vyangu, alama za sindano. "Mama," akasema, ingawa nilikuwa mdogo kwake au sawa naye, "kipele kikikaa wiki kadhaa na hakitoki kwa dawa za nyumbani, njoo ukipata nafasi, usione haya. Uso ukiwaka kila mara, njoo. Lakini jicho likiuma, au mwanga ukikuchoma, au sindano yako ikiwa na matundu mawili, usingoje nafasi. Siku hiyo hiyo uje."

Nimewalea watoto na wajukuu kwa maneno hayo. Mwaka huu binti mmoja wa nyumbani kwangu macho yamemwiva, akaniambia ni vumbi, na kwamba atakwenda baada ya harusi ya rafiki yake. Nikamwambia vaa buibui. Akasema, bibi, harusi ni Jumamosi. Nikamwambia harusi itafungwa bila wewe.

Tulirudi Mabawa kama saa nane. Kibarazani majirani walikuwa wamekusanyika, na katikati yao ameketi mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyemsomea mume wangu hitima, waliyemwita aje anikemee. Nikaingia ndani nyuma ya pazia. Mavyaa alikuwa pembeni. Wakamweleza mwalimu kila kitu, mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

"Binti yangu," mwalimu akaita. "Ulikwenda wapi?"

"Hospitali, mwalimu. Jicho."

"Ulilala huko?"

"Hapana. Nimetoka saa tatu, nimerudi sasa hivi."

"Ulijipamba?"

"Nimejifunika kanga ya ng'onda, mwalimu."

Akawageukia. "Sasa mliniitia nini? Mgonjwa akatibiwe, alale nyumbani kwake. Mlidhani eda ni kaburi?"

"Na kioo, mwalimu?" nikauliza, maana nilishatoka nje, acha nitoke kabisa. "Mjane kutotazama kioo?"

"Hilo nalisikia kwenu," akasema, akavaa makubazi yake akaenda zake.

Wasiwadanganye, watu hawakunisamehe kwa sababu mwalimu kasema. Wageni wakapungua. Yule wa nyumba ya tatu hakuja tena. Kilichokuwa kinamleta kilikuwa macho. Mtalaka alikaa siku tatu kwa ndugu yake, akanirudisha hospitali kama tulivyoambiwa, kisha akapanda lori. Aliniambia, "Ukipona njoo Moa nikupe pweza." Nilikwenda, na nilikwenda tena, miaka yote mpaka nilipomzika.

Macho yalianza kutulia taratibu. Wekundu ukarudi nyuma, mchanga ukapungua. Uso nao ukapoa, ingawa ugonjwa wenyewe haukuniacha, tumezeeka wote. Siku moja asubuhi, zikiwa zimebaki siku kama kumi na tano za eda, nilichukua sindano na uzi karibu na dirisha. Uzi ukaingia. Nikautoa, nikautia tena, kwa ubishi tu. Ukaingia. Jicho la kushoto limebaki na doa jeupe dogo, kama punje ya ulezi, mpaka leo lipo. Hiyo ndiyo gharama niliyolipa kwa kusifiwa.

Mavyaa alikuwa mlangoni, ananitazama. Alikuwa hakunijia jioni tangu siku ile. Akaja, akaketi mbele yangu kama zamani, akanitazama macho, ambayo sasa yalikuwa meupe. Akayatafuta machozi, hakuyaona.

"Yamekauka," akasema.

"Yanaona, mama."

Akaingiza mkono kwenye kifundo cha kanga yake, akatoa ile kofia, akanipa.

"Imalizie," akasema. "Hii safu iliyopinda ifumue kwanza."

Nikaipokea. Ilikuwa na joto la mwili wake; alikuwa akitembea nayo. Nikaitazama safu yangu ya kipofu, inapanda na kushuka, aibu tupu kwa mshonaji.

"Siifumui, mama," nikasema. "Hiyo ndiyo niliyomshonea nikiwa silii na sioni. Wewe ulitaka dalili kwamba mwanao alililiwa, hiyo hapo."

Alinitazama kwa hasira, nikadhani atainyakua. Badala yake akasogea karibu na dirisha, akanyoosha kidole, akaanza kuipapasa ile safu, tundu baada ya tundu, polepole, huku mimi natia uzi kwa safu inayofuata.